Maji ya Waliochimba

Mwanamke mmoja alikuwa na shamba chini ya kilima, kwenye tambarare kavu inayopakana na milima ya Upare. Jina lake Nakiete. Udongo wa shamba lake ulikuwa mwekundu na mgumu. Mvua ilipokuja ilikuja kwa nguvu, ikateremka mbio juu ya shamba na kutumbukia korongoni, na kesho yake ardhi ilikuwa kavu kama haikunyeshewa. Majirani zake walikuwa na mashamba ya namna hiyo hiyo. Kila mwaka walipanda, na kila mwaka walivuna visivyofika nusu ya matumaini yao.

Nakiete akawaita wanawake wenzake wa kitongoji, wakaunda kikundi. Walikubaliana kuchimba bwawa mahali mashamba yao yanapokutana, chini kabisa ya mteremko, ili maji yanayoshuka kilimani yapate pa kutulia. Walichimba kiangazi kizima kwa majembe na sururu. Mikono ilitoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, yakageuka sugu. Wanaume waliopita njiani waliwauliza kama wanamchimbia tembo kaburi. Wao walicheka, wakaendelea. Walitandika turubai la nailoni chini ya bwawa, wakainua matuta ya makinga maji kukata mteremko wa mashamba, wakabeba samadi kichwani, wakafunika udongo kwa majani makavu ili jua lisiunyonye. Mwisho wakanunua kwa akiba yao paneli za sola na pampu.

Likabaki jambo moja. Ili maji yafike kila shamba, tangi lilipaswa kukaa juu, na mahali pa juu palikuwa kwa Mkunde.

Mkunde aliishi peke yake pale mteremkoni. Wenzake walipokuwa wakichimba, yeye alikuwa akimuuguza mumewe, akimgeuza kitandani asubuhi na jioni, na bwawa lilipokamilika yeye alikuwa amekwisha kumzika. Kwa hiyo hakushika jembe hata siku moja. Lakini walipomwomba tangi likae mpakani mwake na bomba lipite uani kwake, alijibu, "Lipite." Hakuuliza yeye atapata nini.

Masika yakaja, bwawa likajaa. Kila jua lilipopanda pampu ilianza kunguruma, maji yakapanda bombani mpaka kwenye tangi, kisha yakashuka mashambani bila mtu kubeba ndoo. Ilistawi michicha, zikastawi kunde na nyanya, mipapai ikasimama kingoni mwa makinga maji. Watoto walinenepa. Wageni walikuja kutoka wilayani, wakapiga picha, wakawapongeza akina mama. Nakiete alikuwa akisimama mbele katika picha hizo, na hakuna aliyeona kuwa hakustahili.

Ilikuwa katika siku hizo za neema ndipo walipotunga sheria yao. Mtu asiyekuwa mwanakikundi alionekana akichota maji, na Elineema, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote, akasema mkutanoni, "Maji ni ya waliochimba." Hakuna aliyepinga. Ilisikika kama haki, na huenda ilikuwa haki. Wakazungushia bwawa uzio wa miiba, wakaweka lango na kufuli. Ufunguo wakampa Nakiete, kwa kuwa walimwamini.

Kisha vuli ikakosa kunyesha. Kisima cha kitongoji kikabaki tope, halafu ufa. Bwawa lilishuka, lakini maji yalikuwamo bado, ya kuwatosha wenyewe na kubaki.

Mkunde alikuja langoni mchana, ndoo mkononi. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Hakuja kutafuta maji ya kumwagilia bustani. Alitaka ya kunywa, na kidogo ya mbuzi wake.

"Mdogo wangu," alisema, "naomba ndoo moja tu."

Nakiete alimtazama. Huyu ndiye aliyemshika mabega alipokuwa akijifungua mtoto wake wa kwanza, mvua ikinyesha na mkunga hajafika. Mkono wake ulikwenda kwenye ufunguo. Lakini ng'ambo ya uzio Elineema alikuwa ameinama kwenye mchicha wake, na Nakiete alijua angeinuka wakati wowote. Mkono ukarudi.

"Dada," alisema, "ingekuwa ni shauri langu peke yangu, ningekupa sasa hivi. Lakini haya ni maji ya kikundi."

Mkunde hakubishana. Alisema, "Haya, nimesikia," akageuka na ndoo yake.

Nakiete alikusudia kulipeleka jambo hilo mkutanoni. Siku ya mkutano ilipofika, aliwatazama wenzake usoni na kuona nyuso zimekaza. Akasimama, akazungumza juu ya viwavi. Moyoni alijiambia atalisema mkutano ujao, na mkutano ujao alizungumza juu ya mbegu. Tangu hapo, kila adhuhuri pampu ilipovuta kwa nguvu, na maji yakasikika yakipanda bombani kupitia uani kwa Mkunde, Nakiete alihamia upande wa pili wa shamba, akapalilia huko.

Mkunde naye aliyasikia maji hayo. Yalipita hatua chache kutoka mlangoni pake, mchana baada ya mchana, na yeye akiwa ameketi ndani na koo lililokauka. Panga alikuwa nalo. Hakuligusa bomba.

Alichokuwa nacho kingine ni miti. Kilima chote cha juu kilikuwa cha marehemu mumewe, na kilifunikwa na migunga mikubwa ambayo mzee yule alikataa katakata isikatwe. Alikuwapo mchoma mkaa mwenye punda, aliyekuwa akiitamani migunga hiyo siku nyingi. Punda wake walikwenda mpaka mtoni, mwendo ambao mjane yule asingeuweza. Wakapatana. Mchoma mkaa alileta madumu ya maji, akaondoka na mti. Madumu yalipokwisha alileta mengine, akaondoka na mti mwingine.

Shoka lilisikika bondeni kote. Nakiete alilisikia akiwa ameinama shambani, akanyanyuka, akasikiliza. Ni miti yake, aliwaza, ana haki nayo. Akainama tena. Mbuzi wa Mkunde wakapona, na yeye mwenyewe akapona, na kilima kikabaki kitupu kama kichwa kilichonyolewa.

Masika ya mwaka uliofuata hayakuchelewa. Wanawake walisimama milangoni wakishangilia mvua, wengine wakakinga viganja. Mvua ikanyesha juu ya kilima kisicho na mti, nyasi zake zimekwisha kufa kwa ukame, na hapakuwa na kitu cha kuishika. Kilima kilianza kushuka. Yalikuja kwanza maji mekundu, halafu tope, halafu mawe. Makinga maji yalishikilia kwa muda, yakapasuka moja baada ya jingine. Mvua ilipokatika wanawake walikimbilia bwawani, wakakuta hapana bwawa. Palikuwa na tope lililojaa mpaka ukingoni. Turubai lilikuwa limechanwa na mawe, pampu imezikwa, na mashambani, pale walipokuwa wamelisha udongo kwa samadi na majani, pamelala mchanga na kokoto.

Walilia. Kilio kilipopungua wakapata hasira, na hasira ikawapandisha mteremkoni wote pamoja, Elineema akiwa mbele.

Walimkuta Mkunde akifunga vitu vyake. Binti yake aliyeolewa upande wa pili wa milima alikuwa ametuma watu waje kumchukua, na mbuzi walikuwa tayari wamefungwa kamba.

"Umetuua, mama!" Elineema alipiga kelele. "Tulikukosea nini sisi?"

Mkunde alimaliza kufunga fundo lake. Kisha akainua macho, akawatazama mmoja mmoja, pasipo chuki, kama mtu anayehesabu kuku wake asione pungufu.

"Nilikuja kwenu nyote," alisema. "Hakuna hata mmoja wenu aliyeninyima. Kila mmoja aliniambia kwamba ingekuwa ni shauri lake peke yake, angenipa."

Wanawake walitazamana. Nakiete alingoja mmoja wao aseme kuwa huo ni uongo. Alimngoja hasa Elineema, mwenye sheria yake. Elineema alikuwa ametazama chini, na uso wake umebadilika. Na hapo Nakiete akaelewa kwamba hata Elineema, ambaye yeye alimwogopa pale langoni, alikuwa na ombi la mjane moyoni mwake wakati ule ule, na yeye pia alikuwa akimwogopa mtu.

Mkunde alijitwika mzigo, akawaaga kwa heshima kama inavyopasa, akaondoka na mbuzi wake.

Kikundi kilijaribu. Walichimba tope wiki kadhaa, ikanyesha mvua nyingine, kilima kikashusha tope jingine. Walipanda miche ya migunga kule juu, na jua likaiua kabla haijafika magotini, kwa kuwa hapakuwa na maji ya kuinywesha. Mmoja akaenda mjini kufua nguo za watu, mwingine akamfuata. Elineema na Nakiete walibaki, nao wakikutana njiani husalimiana na kupishana haraka. Paneli zipo mahali pake hadi leo. Asubuhi jua lile lile huziangukia, nazo hulipokea, na hakuna maji ya kuvuta. Nakiete siku hizi hufuata maji mtoni kwa miguu, dumu mgongoni, na akiwa njiani hulirudia neno alilomwambia Mkunde, akilipima huku na huku, na kila akilipima huliona ni la kweli. Kweli angempa. Hilo ndilo linalomtesa, kwamba hakusema uongo.

Basi ninyi mlioketi hapa, nanyi ni watu wa vikundi na mabaraza na makusanyiko, nijibuni: ikiwa kila mmoja wao alitaka kumpa, ni nani aliyemnyima?