Mvua ya Dhahabu

Subira ni tunu, lakini hata tunu ikizidi kipimo hugeuka kero. Vanessa alilelewa Kashojwa, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako mtoto hujua kupanga foleni kabla ya kujua kusoma, na mafuta ya kupikia hudondoshwa tone kwa tone. Tabia hiyo aliingia nayo katika maabara ya chuo kimoja mjini Mbarara.

Kazi yake ilikuwa kulivika dhahabu jani la madini lenye unene wa tabaka moja tu la atomi. Dhahabu ilichemshwa ndani ya chombo kilichonyonywa hewa, na mvuke wake ukatua juu ya jani. Vanessa aliuachia mvuke huo kwa ubahili, pole pole kama kinyonga. Kila mara hadubini ilimwonyesha visiwa vya dhahabu vilivyotengana, wala si utando mmoja uliohitajika, na umeme haukupita. Sasa lilibaki jani moja, na Jumatatu mashine ingepelekwa matengenezo. Akikosa utando, shahada yake ingekwenda arijojo.

“Nyabo, ongeza moto, mvuke ikuje mingi!” alisema Tumusiime, fundi wa maabara aliyekulia kambi ya jeshi ya Makenke, akimwita “nyabo”, yaani bibi. “Hii dhahabu yako inatembea kama bibi harusi!”

“Haraka haina baraka, kaka,” Vanessa alijibu, akaahirisha, akaenda zake nyumbani.

Jumamosi manyunyu yaliangukia turubai la jiko la mama yake. Matone machache yalitambaa, yakatafutana, yakajikusanya kuwa shanga, na kati yao turubai likabaki kavu. Ghafla mvua ikashuka kwa kishindo. Maji yakatanda kote kabla tone halijapata wasaa wa kumtafuta mwenzake.

“Ingia mu nyumba, mama! Utalowana mwili muzima,” aliita mama yake, Godeberthe, aliyezoea kumwita bintiye “mama”. “Uko naangalia nini apo inje?”

“Naangalia kosa langu, mama.”

Jumapili hakungoja hata misa. Alirudi Mbarara, akamsihi Tumusiime afungue maabara, akaweka jani la mwisho. Akaupandisha moto. Mvuke ukamwagika kwa wingi. Atomi zikatua zikiwa zimesongamana, zisipate nafasi ya kutangatanga na kurundikana.

Tumusiime aligusisha nyaya za kipimo. Mshale ukaruka.

“Umeme inapita! Nyabo, inapita!”

Vanessa alijiinamia, akacheka huku akilia. Majani yote yaliyotangulia hayakuharibiwa na pupa. Yaliharibiwa na dhahabu iliyopewa muda mno, na mkono uliosita kuimwaga. Kweli, ngoja ngoja huumiza matumbo.