Mstari wa Rangi ya Kucha

Hapo zamani, si zamani sana maana magari yalikuwepo, Bi Mwajabu wa milima ya Usambara alikuwa na gari kuukuu la silinda nne. Kazi ya gari ilikuwa kumpandisha mumewe, Mzee Shemdoe, hospitali kila kifua kilipombana. Gari likaanza kukata pumzi mlimani kuliko hata mgonjwa, akalipeleka kwa fundi Mbelwa.

Mbelwa alikuwa amechoka. Tangu ujana anainamia injini za watu, kiuno kimekwisha. Alishauri kemshafti, ile fimbo ya vinundu inayofungua valvu, ikatwe kwa kiasi, gari livute taratibu. Hoza, dereva, mtoto wa kaka yake Bi Mwajabu, akataka vinundu virefu vya magari ya mashindano, gari lingurume. Wakabishana mpaka Mbelwa akachoka zaidi, akasema, “Haya, iwe utakavyo.”

Kemshafti ikapelekwa kwa Singano, mkerezaji wa vyuma wa Korogwe. Singano alijua vinundu virefu huipa injini nguvu ikizunguka kasi tu, na alijua gari ni la mlimani. Ila desturi ya karakana yake ni kukata kilichoagizwa bila maswali. Akakata.

Vinundu virefu vilitaka springi mpya za valvu, ngumu zaidi, nazo hazikupatikana. Mbelwa akatia washa, vile vipete bapa vya chuma, chini ya zile kuukuu ili zikaze, kisha kwenye kioo cha mita ya mizunguko ya injini akachora mstari kwa rangi ya kucha ya mkewe.

“Mshale usivuke hapa,” akamwambia Hoza. “Ukivuka, springi hazitawahi kuzirudisha valvu. Pistoni itazigonga.”

Siku Mzee alipozidiwa, gari lililegea kwenye kona kali. Mshale ukiwa chini ya mstari halikuvuta. Midomo ya Mzee ikageuka rangi. Bi Mwajabu akasema, “Hoza, mwanangu, kanyaga.” Hoza akakanyaga. Lango la hospitali lilipoonekana, vyuma vikalia, kisha kimya. Wakambeba Mzee, akapona. Injini haikupona.

Mzee alitakiwa kurudi kliniki kila wiki, na gari jingine halikuwepo. Bi Mwajabu akawaita wote watatu.

“Aliyeniulia gari ndiye atakayembeba mume wangu mgongoni,” akasema, “mpaka gari lipone.”

Hoza alikiri kuvuka mstari, ila asingevuka wangefikisha maiti. Singano akasema yeye alikata alichoagizwa, hata unywele haukuzidi.

Mbelwa aliangalia mikono yake yenye grisi. Siku ile ya kwanza angeweza kukataa, na uchovu tu ndio uliomnyamazisha. Jambo hilo lilimuuma.

“Nilionya,” akasema.

“Ulionya,” akajibu Bi Mwajabu, “halafu kemshafti ukaifunga kwa mkono wako.”

Na Mzee Shemdoe ameshavaa koti, amekaa kizingitini, anangoja mgongo. Enyi mnaosikiliza, uinamishwe mgongo wa nani?