Bakuli la Jirani

Kulikuwa na mwanamke mmoja, ndugu zangu waumini, asiyependa kudaiwa hata salamu. Ukimwamkia mara mbili kwa siku moja anakuuliza una shida gani. Mume anaye, watoto anao, na jikoni kwake hakukosekani kitu, lakini kulala kwake ni kwa jicho moja.

Ikatokea bibi mmoja mzee akapanga chumba nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta na mwanamke huyu. Hakuna aliyejua katoka wapi. Jioni ya siku aliyohamia akabisha hodi, mkononi ana bakuli la ugali na mchicha, kalifunika kwa sahani. Akasema tu, "Onjeni, mwanangu, tumekuwa majirani," akaenda zake.

Ninyi mngekula? Semeni kweli, tuko msikitini. Mwanamke alilifunua lile bakuli, akalinusa, akalifunika tena. Mtu hamjui, hajamwomba, hajamtendea jema lolote, anampikia kwa lipi? Tahadhari kabla ya hatari. Akawakataza watoto wasiguse, chakula chote akawamwagia kuku. Asubuhi akatoka mbio kuokota mizoga. Akawakuta kuku wazima, wanachakura. Hapo ndipo hofu ilipomzidi: akasema uchawi wa siku hizi una akili, kuku haugusi.

Lakini kwetu bakuli la jirani halirudi tupu, hilo mnalijua. Akalijaza kunde pomoni. Hakufanya hivyo kwa mapenzi, aliogopa bibi asije akatangaza mtaani kwamba kwake kuna njaa. Akaliacha mlangoni kwa mzee, akageuka bila kukaribishwa.

Baada ya siku mbili bakuli likaja tena. Ndani yake mna kunde, zimeungwa kwa kitunguu, zinanukia. Mwanamke akashika kiuno, akamwambia mumewe, "Umeona? Amejuaje kwamba sisi ni watu wa kunde?"

Mume akasema labda ni wema tu wa mzee. Akajibiwa kwamba wema wa bure haupo, na wanaorogwa kwanza ni wanaume wenye mawazo kama yake. Kunde zikaenda kwa kuku. Bakuli likarudishwa na mchele, ukaja wali. Likarudishwa na unga, likaja andazi la moto. Yeye anazidi kukonda kwa wasiwasi, kuku wanazidi kunenepa.

Mnacheka. Msicheke sana, maana dhana mbaya haikai nyumba moja. Alimnong'oneza jirani wa kulia, akamnong'oneza wa kushoto, na kila mmoja akatia lake. Ikafika mahali bibi akipita njiani, kinamama wanawaingiza watoto ndani. Mwisho mwanamke akaenda kwa mwenye nyumba, akamtaka amtoe yule mzee kabla hajaua mtu. Mzee wa watu, na hana pengine popote pa kulaza mbavu.

Mwenye nyumba hakutaka kufukuza mtu bila kumsikiliza. Akawaita wote wawili uani, majirani wakajaa. Akamuuliza bibi kwa nini kila mara anampelekea mwenzake chakula asichoombwa.

Bibi wala hakushtuka. Alidhani ameitwa kumtolea mtu ushuhuda mzuri. Akasema, "Mwanangu, mimi sina shamba wala mtoto. Nilihamia hapa na unga wa mlo mmoja. Nikaona, nitakulaje peke yangu nami nina jirani? Nikampelekea nusu. Naye akanijazia bakuli kunde. Nikapika, nikala, nikasema aliyenipa atakosaje kuonja? Akaleta mchele, nikafanya vilevile. Huyu ndiye anayenilisha tangu nije, na hajanitangaza kwa mtu hata mmoja. Kila nikisali namwombea."

Kisha akamgeukia mwanamke. "Ila mwanangu, siku hizi mkono wangu siuamini. Zile kunde, chumvi ilitosha?"

Ataijuaje chumvi mtu ambaye hakuonja hata punje? Alisimama pale, majirani wote wanamtazama. Kunde ni zake, mchele ni wake, unga ni wake. Alikuwa akiogopa chakula kilichotoka ndani kwake mwenyewe, na mtu ambaye yeye alitaka atupwe nje ndiye pekee aliyekuwa akimwombea dua. Akajifunika uso kwa upande wa kanga, akalia.

Na sisi je? Shemeji akileta sukari, tunauliza amefuata nini. Jirani akitutengenezea njia, tunasema anataka kugombea uongozi. Na sisi wenyewe tunapotoa, tunatoa ili tusisemwe. Mola ni Mwingi wa rehema. Hata utoaji wa namna hiyo aliufanya kuwa riziki ya mzee, naye akashiba, akashukuru. Lakini yule mwanamke mwenye jiko lililojaa alipata nini? Alitoa muda wote ule na hakujua hata siku moja raha ya kutoa, wala raha ya kupewa.

Ndugu yangu uliyekaa hapo, yupo mtu aliyekuletea kitu wiki hii, na mpaka sasa unamtafutia sababu. Ukitoka hapa usipitie kwa mwingine kumjadili. Nenda kwake, ukae, umshukuru.