Hema Hupimwa Mgongoni

Hema hupimwa mgongoni. Nimesema hivyo kwa sababu nimeona mmefungasha hadi pasi ya nguo, na nyinyi mnakwenda kupiga kambi siku mbili tu. Sasa mnaniuliza methali hii ilianzaje. Ilianzia kwenye vidole vyangu hivi, kwa hiyo kaeni chini.

Nilikuwa mshonaji wa Fundi Anaeli, kule Marangu, chini ya mlima. Alibuni hema la mviringo, kama kapu lililofudikizwa, lenye fito fupi zilizounganishwa pembetatu pembetatu. Lilikuwa jambo la akili kweli. Upepo ulilisukuma, lisiyumbe. Ndekirwa, mkuu wa wapagazi, akakubali kulijaribu mlimani. Likimridhisha, tungemshonea mahema yake yote. Lisipomridhisha, karakana ingefungwa, maana mteja mwingine hatukuwa naye.

Hapo ndipo Anaeli aliponichosha. Kila mchana alijilaza ndani ya hema pale uani, kisha akatoka na jipya. Mara sakafu ni baridi, nishone zulia. Mara jua linamchoma, nishone pazia. Akataka mifuko ya viatu, akataka baraza, akataka dirisha la pili. Nikamwuliza nani atabeba vyote hivyo. Akanijibu nishone tu, mambo ya ubunifu nimwachie yeye. Nikashona kwa hasira, na sindano ikanichoma si mara moja.

Siku ya safari tukapanda wote watatu. Ndekirwa alijitwika hema, akatembea hadi kona ya tatu, akalitua.

"Fundi," akasema, "umelala humu mara ngapi?"

"Mwezi mzima. Raha tupu."

"Na umelibeba mara ngapi?"

Anaeli akanitazama mimi, kana kwamba jibu ninalo. Nikamwonyesha hema kwa kidole.

"Basi jitwike," Ndekirwa akasema. "Ukifika nalo kambini, kazi ni yako."

Akajitwika. Hatua hamsini hivi, akaketi akitweta, akatoa zulia. Mbele kidogo akaniomba mkasi, akakata baraza. Kisha pazia, kisha mifuko. Jasho langu la mwezi mzima likawa linaangushwa njiani, na mimi nyuma yake naokota, kwa kuwa mlimani hakutupwi kitu. Nilitamani kulia.

Alifika kambini na fito na turubai tu. Ndekirwa akalisimamisha hema kabla maji ya chai hayajachemka, akalizunguka, akasema hilo ndilo analolitaka. Anaeli akajitupa ndani, akakoroma bila zulia.

Asubuhi akaniambia, kama mtu aliyegundua jambo peke yake, "Unajua, Aikaruwa, hema hupimwa mgongoni."

Ndekirwa akacheka, akawasimulia wapagazi wake, nao wakalichukua neno hilo, na hadi leo wanalisema kwa jina la Anaeli. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafunga mzigo wa kushuka nao: zulia, baraza, pazia na mifuko yake yote.

Haya, itoeni hiyo pasi. Hema hupimwa mgongoni, na safari hii mgongo hautakuwa wangu.