Mkate wa Mghoi na Beji ya Tunda

Fumba macho kidogo, wewe unayesikiliza. Ona mawe matatu, na moto uliotulia katikati yake. Juu ya mawe pana sufuria, na juu ya kifuniko cha sufuria pana makaa mengine mekundu, ili mkate uive chini na juu kwa pamoja. Ona ukungu wa asubuhi umelala kwenye miteremko ya Taita, na watoto wamevaa sweta, skafu za kijani shingoni, wanasogea karibu na moto wakijifanya hawasogei. Sasa nusa. Ukiisikia harufu hiyo, umekwisha fika tunakokwenda.

Hapo zamani, si zamani ya mazimwi, ila zamani ya juzi ambayo hata mama yako anaikumbuka, palikuwa na chama cha vijana kilichokutana kila Jumamosi katika ghala kuukuu la mboga. Mlezi wake alikuwa Mwalimu Mkawasi, mama mpole aliyezeeka akiwa bado anacheka kama msichana.

Chama kilikuwa na ngazi nne, na kila ngazi ilikuwa na beji yake ya kushonwa kwenye skafu. Mtoto aliyeoka mkate peke yake, bila mkono wa mtu, alipata beji ya Mbegu. Aliyepanda miti akaitunza mpaka ikashinda kiangazi, alipata Mche. Aliyewatumikia majirani mwaka mzima bila kutumwa, alipata Ua. Na Tunda? Tunda halikupatikana kwa kazi ya mikono yako. Ulilipata siku ulipomfundisha mtoto mwingine mpaka naye akapata Mbegu.

"Tunda lisilo na mbegu ndani," Mwalimu Mkawasi alizoea kusema, "ni utamu wa siku moja."

Tena beji hiyo haikushonwa na mlezi. Mtoto aliyefundishwa ndiye aliyeshika sindano, akaishona kwenye skafu ya aliyemfundisha, mbele ya watu wote. Mtoto mmoja, Tunda moja. Skafu ya Mwalimu Mkawasi mwenyewe ilikuwa na Tunda la tangu usichana wake, mishono imepinda kama njia ya mbuzi. Wanawe walipokuwa wakubwa walimwomba waishone upya, angalau isimwaibishe kanisani. Alikataa. Kila alipoipapasa aliukumbuka mkono mdogo ulioishona, na ulimi uliotokeza kidogo nje ya mdomo kwa bidii.

Basi ukafika mwaka wa Mwalimu kuondoka. Magoti yalikuwa yamechoka na vilima, na binti yake alikuwa amemwandalia chumba Voi, kwenye joto. Akatangaza kwamba atakayepata Tunda mwaka ule ndiye atakayechukua ufunguo wa ghala, na kila Jumamosi kuanzia siku hiyo moto utakuwa wake. Ghala lilikuwa na ufunguo mmoja, na moto wenye mabwana watatu, alisema, huzimika kila mmoja akidhani mwenzake ameweka kuni.

Vijana wenye Ua walikuwa watatu: Wakesho, Mwadime na Mshai. Mtoto mpya alikuwa mmoja tu, msichana wa miaka tisa aliyeitwa Mghoi. Wakesho ndiye aliyetangulia kuomba amfundishe, na Mwalimu akampa. Wenzake wakanyamaza, kwa maana ilikuwa desturi ya chama kwamba mwanafunzi wa mtu haguswi.

Wakesho alikuwa hodari. Alimfundisha Mghoi kupima unga kwa kiganja, kujaribu joto la maziwa kwa kifundo cha mkono, kukanda mpaka donge liache kung'ang'ania vidole. Alimfundisha kuni zipi hutoa moshi na zipi hutoa makaa. Jumamosi baada ya Jumamosi, mvua na ukungu, hakukosa. Lakini ulimi wake ulikuwa na pilipili. Mkate wa kwanza ukaungua. Mkate wa pili ukaungua. Mkate wa tatu ulipotoka mweusi kama mawe ya jikoni, Wakesho akauliza mbele ya wote kama Mghoi alitaka kuwa mwokaji au mchoma makaa. Watoto wakacheka. Kutoka siku hiyo wakamwita Mama Makaa.

Jumamosi iliyofuata Mghoi hakuja. Iliyofuata tena hakuja.

Ndipo Mwadime akapanda mpaka kwao. Mwadime huyu, usimdhanie fundi. Mkate wake mwenyewe wa Mbegu ulikuwa umepita kwa huruma tu. Alimkuta Mghoi akiwachambulia kuku mahindi, wala hakumwambia neno juu ya chama. Aliuliza kama ule mkate wa tatu umebaki. Ulikuwa umebaki, maana hata kuku walikuwa wameukataa. Mwadime akakaa kwenye kizingiti, akaukwangua kwa kisu, akaula wote, hatua kwa hatua, kama mtu anayevuka mto.

"Katikati una utamu," alimwambia alipomaliza, meno yakiwa meusi. "Wa nne utakuwa na katikati kubwa zaidi. Utakapouoka, mimi nitakuwa nimekaa pale."

Mghoi alicheka mpaka akalia. Jumamosi akarudi, na Mwadime akakaa pale.

Siku ya beji ikakaribia, na Mghoi bado alikuwa anaunguza, ingawa sasa aliunguza kidogo. Wakesho hakuelewa. Alikuwa amemfundisha kila kitu. Mshai, msichana mkimya aliyekuwa akichota maji karibu nao, ndiye aliyeelewa. Aliona kwamba Mghoi, kwa hofu ya kuunguza, alikuwa akifunua sufuria kila mara kuchungulia. Kila alipofunua, joto lilitoka. Kila joto lilipotoka, aliongeza makaa. Na makaa yakizidi, mkate huungua.

Alasiri moja Wakesho alipokwenda kuokota kuni, Mshai akajongea. Akamgeuza Mghoi kwa mabega, akamfanya aupe moto mgongo.

"Usiangalie," alimwambia. "Nusa. Harufu ya unga mbichi ikiisha, bado. Ikija harufu inayokukumbusha nyumbani, geuka."

Ndiyo maneno yote aliyosema. Siku ya beji, mbele ya wazazi na majirani, Mghoi alikanda peke yake, akawasha moto peke yake, akaupa moto mgongo. Watu wakashangaa. Mama mmoja akanong'ona kwamba mtoto amekasirika. Mghoi akafumba macho, akangoja, akageuka, akaondoa makaa. Mkate ulikuwa na rangi ya asali, umeumuka mpaka umegusa kifuniko.

Watoto wakapiga makofi ya kilo, yale ya wote kwa mdundo mmoja, na Mwalimu Mkawasi akajikuta anafuta machozi kwa ncha ya skafu. Kwa dakika ile hakuwa na magoti mabovu. Alikuwa na miaka kumi na saba, na ukungu ulikuwa ule ule.

Alimshonea Mghoi Mbegu yake. Kisha akampa sindano, uzi mwekundu na beji ya Tunda, akamwambia akamshonee aliyemfundisha.

Mghoi akapiga hatua moja, akasimama. Akamtazama Wakesho, akamtazama Mwadime, akamtazama Mshai.

"Mwalimu," alisema taratibu, "ni yupi?"

Wakesho akasogea, skafu yake tayari mkononi.

"Ni swali gani hilo? Nani alimwonyesha unga? Nani alimwonyesha moto? Jumamosi zote hizo nilikuwa wapi, harusini? Nitoeni mimi, mkate ungekuwapo?"

Watoto wakajibu, "Usingekuwapo."

Mwadime akakohoa. Alisema Wakesho amesema kweli, ila amesahau Jumamosi mbili ambazo unga ulikuwapo, moto ulikuwapo, na mwanafunzi hakuwapo. "Wewe ulimfundisha, Wakesho, na wewe ndiye uliyemfukuza. Nitoeni mimi, mkate ungekuwapo?"

Watoto wakajibu, "Usingekuwapo."

"Wewe hujui hata kukanda," Wakesho alimkata. "Unajua kutafuna tu."

"Nilitafuna ulichokitupa," Mwadime akajibu.

Mshai alikuwa ameinamisha kichwa. Mwalimu alipomwita mara mbili ndipo akasema kwamba yeye hakumlea Mghoi, wala hakumfuata nyumbani. Alimpa neno moja. "Lakini kabla ya neno hilo alijua yote, na alikuwa na moyo tena, na bado aliunguza. Nitoeni mimi, mkate ungekuwapo?"

Watoto wakajibu, sasa kwa sauti ndogo, "Usingekuwapo."

"Umekuja saa ya kupakua," Wakesho alimwambia.

"Na bila mimi ungepakua makaa."

Mwalimu Mkawasi akamuuliza Mshai aliliona kosa hilo lini. Mshai akajibu ukweli: aliliona tangu mkate wa kwanza. Hakusema, kwa kuwa mwanafunzi wa mtu haguswi.

Hapo Wakesho naye akainamisha kichwa, kwa sababu alikumbuka ni nani aliyewakumbusha wenzake desturi hiyo kila juma.

Mwalimu alipapasa mishono iliyopinda ya skafu yake. Miaka yote alikuwa ameamini kwamba mtoto yule wa zamani alifundishwa na yeye peke yake. Sasa alijiuliza ni nani aliyekuwa amekaa karibu na moto siku zile, ni nani aliyepita na ndoo ya maji. Alijaribu kuziona sura zao. Aliona ukungu tu.

Chukua nafasi yake, wewe unayesikiliza, maana yeye anakutazama. Ufunguo uko mfukoni mwake, gari la Voi linaondoka jioni. Usimwambie awape wote. Unajua moto wa mabwana watatu. Wala usimwambie Mghoi achague, kwani ameshauliza, na sindano ingali mkononi mwake. Mmoja alitoa elimu. Mmoja alirudisha moyo. Mmoja aliona kosa lililowapita wote.

Je, Tunda lishonwe kwenye skafu ya nani?

Fikiri polepole, hakuna anayekukimbiza. Nakuomba tu ukumbuke jambo moja: mtoto atakayekuja baada ya Mghoi, naye ataunguza mkate wake wa kwanza.