Paji la Nyumba ya Kitundu

Sogeeni. Mwenye usingizi aukabidhi kwa jirani, mwenye ubishi aje nao, leo utahitajika. Nina kesi niliyoiona kwa macho haya pale Misigiri, wanapopumzika madereva wa malori. Imewashinda madereva, imemshinda sheikh, imemshinda hata mwenyekiti wa kitongoji ambaye hajawahi kukosa la kusema. Mimi ningeiamua mapema, maana shule niliiacha darasa la sita baada ya walimu kuishiwa cha kunifundisha. Ila nina sababu ya kunyamaza, mtaiona.

Walikuwepo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Nyamisi, mama lishe, alijaliwa pua. Wali wa jirani ukianza tu kushika sufuria, yeye ndiye humpigia jirani kelele auepue.

Mdidi, fundi wa pancha, alijaliwa ukaidi. Akianza kutafuta kitundu kwenye tairi, nasema kitundu cha tairi, si Kitundu mwenye hadithi, hainuki mpaka akipate, hata mwenye tairi akiwa amekata tamaa na kwenda zake.

Na Msengi, mchoraji wa magari, alijaliwa mkono wenye kumbukumbu. Popote brashi yake ilipopita, hata kama ni miaka iliyopita, mkono unapajua.

Sasa Kitundu mwenyewe. Huyu alikuwa dereva wa masafa marefu. Alipostaafu, nyumba ya kusimama mahali pamoja ilimpa homa. Akanunua basi kuukuu, akang'oa viti, akaweka kitanda, jiko, kabati, feni, taa kila kona, na meza ya cherehani. Meza ya cherehani ya nini? Ya Mwajabu, fundi nguo wa Shelui, mjane mwenye kicheko cha kusimamisha lori. Mwajabu alikwisha kubali kuolewa na kuishi kwenye magurudumu. Aliyekuwa hajakubali ni shangazi yake, Bi Sikudhani.

Bi Sikudhani alipokuja kukagua mara ya kwanza, taa zilikonyeza, zikafifia, zikafa, naye akajimwagia uji wa moto kwenye khanga mpya.

"Hii nyumba au stoo?" akauliza. "Mwanangu atashonaje humu, kwa kupapasa?"

"Shangazi, ni hitilafu ndogo."

"Basi nakupa mpaka Alhamisi. Nitakuja alasiri. Mtafunga madirisha na mapazia, niwe gizani kabisa, ninywe kahawa yangu chini ya taa hizo mpaka jua lizame. Zikikonyeza hata mara moja, naondoka na Mwajabu. Wewe utaoa hilo basi lako."

Alhamisi asubuhi Kitundu akasimama mbele yetu sote. "Jamani, nimeendesha usiku na mchana maisha yangu yote, sijapata mtu wa kuniuliza nimekula nini. Sasa nimempata. Atakayenipa taa, jina lake litaandikwa kwenye paji la gari hili, herufi kubwa, na barabara nzima mtaniita kwa jina hilo." Anayezijua barabara zetu anajua uzito wa neno hilo. Dereva huitwa kwa jina la gari lake mpaka anazikwa.

Kazi ikaanza. Tatizo la kwanza lilikuwa fyuzi. Ukiweka inaungua, ukiweka nyingine inaungua. Kitundu kwa haraka yake akaizungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Taa zikawaka! Tukapiga makofi. Nyamisi alikuwa ng'ambo ya barabara anakaanga chapati. Akaacha kikaango motoni, akaja mbio na mwiko mkononi.

"Zimeni!"

"Dada Nyamisi, zimewaka sasa hivi, tuzizime?"

"Kuna plastiki inaungua!"

"Ni chapati zako hizo."

"Chapati zangu nazijua! Zima, Kitundu, kabla sijakuzima wewe!"

Zikazimwa. Akaibandika pua ukutani, akanusa kutoka mlangoni, taratibu, mpaka kwenye kabati. "Hapa." Tukalitoa kabati. Lo! Skrubu ilikuwa imeuma waya, ganda limeyeyuka, na mbao ya nyuma imeanza kuwa mkaa. Pazia lilikuwa linagusa pale pale. Waya ukaungwa, ukafungwa tepu, skrubu ikahamishwa, karatasi ya sigara ikatupwa, fyuzi halali ikawekwa. Ikakaa. Chapati za Nyamisi, kwa taarifa yenu, ziliungua zote.

Lakini taa? Ukiwasha moja, inawaka kama kimulimuli. Ukiwasha ya pili, zote mbili zinakonyeza. Ukigusa feni, kiza. Huyu anasema betri imechoka, yule anasema badili taa zote. Hapo ndipo Mdidi alipoketi sakafuni na kukunja suruali.

"Hakibadilishwi kitu hapa mpaka tujue kibovu ni kipi."

Akachukua taa ndogo aliyoifunga nyaya mbili, taa yake ya kupimia. Akapima kwenye betri: nyeupe pee. Kwenye fyuzi: nyeupe. Kwenye swichi: nyeupe. Adhuhuri ikampita hapo hapo.

"Mdidi, jua linakwenda!"

"Nalo lipange foleni."

Alipofika kwenye taa ya juu ya cherehani, akashikiza waya mmoja wa kipimo kwenye waya mwekundu, wa pili kwenye mweusi. Hafifu. Akaguna. Akavuta waya mrefu kutoka upande hasi wa betri, akaupitisha dirishani, akagusisha nao badala ya ule mweusi. Kipimo kikawaka mpaka tukafumba macho.

"Umeme unakwenda," akasema. "Haurudi."

"Haurudi vipi?" Kitundu akauliza.

"Mwekundu unaupeleka kwenye taa. Mweusi unautoa kwenye taa na kuuingiza kwenye bodi la chuma la basi, bodi linaurudisha kwenye betri. Umeme wako ni kama madereva wa masafa. Kwenda wanajua, kurudi nyumbani ndiyo kazi."

Mwajabu, aliyeketi penye cherehani yake, akamtazama Kitundu. Kitundu akatazama viatu vyake.

"Si tuuache huo huo mrefu?" nikauliza, tochi mkononi.

"Mwembamba. Taa zote na feni vikiutegemea, Nyamisi atarudi na mwiko."

Akazifuata nyaya nyeusi. Zote zilikusanyika, zikaingia nyuma ya ubao wa ukuta, zikapotea. Zilifungwa wapi kwenye bodi? Aliyezifunga alikwisha kuhama mji. Kubomoa kuta zote ni kazi ya mpaka wiki ijayo, na pale nje bodaboda ilikuwa imemshusha Bi Sikudhani na birika lake. Mdidi hakujali. Akaomba mtaimbo.

Msengi alikuwa amekaa kwenye ngazi akiutazama ukuta tangu Mdidi alipotaja bodi. Basi lile alilipaka yeye, ndani na nje, na sifa yake kubwa barabarani ni kwamba hajawahi kuharibu gari la mtu. Mtaimbo ulipoinuliwa, akasimama.

"Usibomoe." Akaenda mpaka kwenye ua jekundu ukutani juu ya kitanda, ua kubwa alilomchorea bibi harusi, ambalo watu walitoka Singida kuja kulitazama. Akaweka kidole katikati. "Kiini cha ua ni bolti inayofunga nyaya hizo kwenye bodi. Niliifungua, nikazitoa nyaya, nikapaka rangi chini yake, tabaka juu ya tabaka, isipate kutu. Kisha nikairudisha na nyaya zake, nikaichora kuwa kiini. Sikujua kama rangi inazuia umeme. Nimejua leo, Mdidi alipoeleza."

"Kumbe ni wewe!" Kitundu akafoka.

"Ni mimi." Akatoa kisu, akaanza kulikwangua ua lake mwenyewe, petali kwa petali, mpaka chuma kikang'aa. Bolti ikafunguliwa, rangi ya chini yake ikakwanguliwa, nyaya zikarudishwa, bolti ikakazwa.

Bi Sikudhani akaingia, mapazia yakafungwa. Swichi ikabonyezwa. Taa zote! Akamimina kahawa. "Washeni feni." Ikazunguka, taa hazikutikisika. "Zimeni. Washeni tena." Zikawaka. Akanywa kikombe cha kwanza, cha pili, polepole, na Kitundu anatokwa jasho mbele ya feni. Jua likazama. Bibi akageuza kikombe.

"Ndoa kesho, Ijumaa. Ila mwanangu hapandi gari lisilo na jina. Andikeni kwanza."

Ijumaa asubuhi vita ikaanza.

"Bila pua yangu," alisema Nyamisi, "mngekuwa mnaandika jina kwenye majivu."

"Wewe ulizuia moto," akajibu Mdidi. "Taa hukuleta. Mimi ndiye niliyejua ugonjwa."

"Kuujua umeujua, ukaja na mtaimbo," akasema Msengi. "Mahali nilionyesha mimi."

"Ulionyesha ulipoharibu!" Nyamisi akaruka. "Mwizi akionyesha alipozika mali, tunamfanyia sherehe?"

"Mwizi anajua kwamba ameiba. Mimi sikujua. Nilipojua, nilisema, na ningenyamaza nani angenikamata?"

Kitundu akashika kichwa. Nyamisi ndiye mpishi wa pilau ya harusi, na mwiko ameuweka chini. Mdidi ana tairi la akiba la basi, na amelikalia. Msengi ndiye mwenye brashi, na wale wawili wamemshika mkono asije akajiandika mwenyewe. Na yupo aliyeshika tochi kutwa nzima bila kuomba hata maji. Simtaji, si vizuri mtu kujisifu.

Kopo la rangi liko wazi, linaanza kuganda. Sheikh ametazama saa. Bi Sikudhani amekaa mlangoni pa basi, mkoba wa Mwajabu mapajani mwake, hapandi wala hashuki, na bodaboda inanguruma pembeni.

Haya, nyinyi mliosikiliza. Paji la basi linatosha jina moja tu. Brashi ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?