Mkoba Uliongojwa Ushuke Bei

Wapendwa, mfano wa leo una majina. Nimeyatunga yote, kwa hiyo hakuna haja ya kugeuka kumtazama jirani yako.

Palikuwa na mama mmoja pale Same mjini, muuza vitenge, jina lake Naelijwa. Ikiwa umewahi kupatana bei na mtu asiyechoka, basi umekwisha kumjua. Tangu aolewe hajawahi kulipa bei ya kwanza. Akinunua fungu la nyanya huomba nyongeza, na akipewa nyongeza huuliza kama hakuna ya kumpelekea mtoto. Wauza nyanya walimpenda na kumkimbia. Mwenyewe hakuona aibu hata kidogo. Watoto wake walisoma kwa ubishi huo, na nyumba yake iliezekwa kwa ubishi huo. Tusimcheke upesi.

Wifi yake, dada wa mumewe, aliitwa Eliwaza. Alikuwa mkunga mstaafu, akikaa Moshi. Siku alipopata mafao yake, baada ya kuzalisha watoto wa watu kwa nusu ya maisha yake, alijinunulia kitu kimoja tu cha kumfurahisha: mkoba wa ngozi, rangi ya damu ya mzee, kazi ya mbunifu wa Kitaliano aitwaye Verlandi, jina lake limechapwa kwa dhahabu ndani ya kifuniko. Aliuliza bei, akatajiwa, akalipa.

"Wifi," Naelijwa alimwambia alipouona, "hukuomba hata wakupunguzie?"

"Sikuomba."

"Basi wamekuona mshamba."

"Wameniona mteja," Eliwaza akajibu, akaendelea kumenya ndizi.

Mwaka uliofuata Naelijwa alialikwa harusi huko Mombo, akaazima ule mkoba. Eliwaza alimpa bila neno. Na huko harusini, ndugu zangu, Naelijwa alifanya jambo ambalo wengi wetu hapa tumelifanya, ila si kwa mkoba wa Mtaliano. Alifungasha. Mapaja mawili ya kuku, pilau ya kutosha watu wawili, na kipande cha keki juu yake, vyote vikafungwa kwa karatasi laini za mezani, vikatiwa ndani ya mkoba wa wifi. Alipofika nyumbani mafuta yalikuwa yamepenya mpaka nje. Akauloweka kwa sabuni ya unga, akausugua kwa brashi ya viatu, akauanika juani. Ngozi ikajikunja, ikakauka kama papa wa sokoni.

Alimrudishia akiwa ameinamisha macho. "Wifi, nitakununulia mwingine. Huo huo, rangi hiyo hiyo."

Eliwaza aliugeuza mkononi. "Sawa, wifi," akasema.

Naelijwa hakuwa mwongo. Wiki hiyo hiyo alipanda gari kwenda Moshi, akaingia katika lile duka alikonunua Eliwaza, akaukuta mkoba kama ule juu ya rafu ya kioo. Fedha alikuwa nazo, zimekunjwa ndani ya kanga kiunoni. Akauliza bei. Binti wa dukani, jina lake Shamsa, akamtajia.

"Mwanangu, hiyo ni bei ya kuanzia. Niambie ya kumalizia."

"Mama, hapa bei ni moja."

"Mimi ninauza vitenge. Bei moja haipo duniani."

Shamsa akacheka, akainama kumnong'oneza. "Subiri baada ya Pasaka, mama. Baada ya Pasaka hii rafu yote inashuka nusu."

Hebu niwaulize: wewe ungefanyaje? Usinijibu kwa sauti. Naelijwa aliutazama mkoba, akajitazama, akaona kwamba mtu mwenye akili hawezi kulipa leo kitu kitakachoshuka nusu baada ya Kwaresima. Akamwomba Shamsa auhamishie rafu ya chini, nyuma ya mikoba ya ukili ambayo haina wanunuzi. Kisha akarudi Same na fedha zake kiunoni, ametulia kabisa. Kila alipokwenda Moshi kuchukua mzigo wa vitenge alipita dukani, akachungulia rafu ya chini, akaondoka.

Lakini sasa kulikuwa na jambo la pili. Binti yake, Nikundiwe, alikuwa ameposwa, na sherehe ya kumuaga, hiyo mnayoiita sendofu, ilipangwa Jumamosi moja baada ya Pasaka. Na katika ukoo wa mumewe bibi harusi haingii ukumbini peke yake, wala haletwi na mama yake. Shangazi, dada wa baba, ndiye anayeinuka kwenye kiti chake mbele ya watu, anatoka nje, anamshika mkono, anamwingiza. Shangazi asipoinuka, binti anabaki mlangoni. Na shangazi wa Nikundiwe alikuwa mmoja tu.

Eliwaza akaacha kuja Same. Vikao vya sherehe vilifanyika, na kiti chake kikabaki wazi. Mume wa Naelijwa, mtu mpole, akauliza, "Mama Niku, mkoba wa dada umefikia wapi?"

"Uko njiani."

"Unatoka Italia kwa miguu?"

"Baba Niku, nimesema uko njiani."

Wajumbe wa kamati waliuliza, wakaambiwa hivyo hivyo. Mchungaji aliuliza, naye akaambiwa uko njiani. Naelijwa alikuwa amepanga kila kitu kichwani: bei itashuka, atanunua, atampelekea wifi, wifi atafurahi, Jumamosi ataingia na binti. Hakukosea hesabu hata moja. Pasaka ikapita, rafu ikashuka nusu, na asubuhi ya kwanza ya punguzo alikuwa mlangoni mwa duka kabla Shamsa hajafungua kufuli.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa Eliwaza. Aliufunua mkoba kutoka ndani ya kitenge kipya, akauweka juu ya meza kwa mikono miwili. Alijiona mshindi mara mbili: ameokoa fedha, ameokoa undugu.

Eliwaza aliufungua, akasoma jina la ndani, akaufunga. "Ndio huo huo," akasema. "Ulikuwa nyuma ya mikoba ya ukili, sivyo?"

Naelijwa akaanza kukunja kile kitenge.

"Nilikwenda pale mwezi wa pili kumtafutia Nikundiwe mkoba wa kuingilia ukumbini. Nikauona huu chini, nikasema basi nimnunulie yeye. Yule binti akaniambia una mwenyewe, kuna mama wa Same anangoja ushuke. Nikamwuliza, huyo mama hana uwezo? Akasema, 'Anao, bibi, kila akija huja na fedha kiunoni.' Wifi, kama ungekuwa huna, ningekwambia tuyasahau. Nilikuwa nimekwisha kuyasahau. Lakini ulikuwa nazo. Kwaresima nzima ulipita hapa barabarani na fedha za kunipatanisha nawe, ukanipita, ukarudi nazo nyumbani."

"Wifi, ni mkoba tu. Umeupata, ni mpya."

"Mkoba nimeupata, nashukuru. Niliyekuwa nauliza habari zake ni mimi mwenyewe. Nilitaka kujua kwako nina thamani gani. Nimejua."

"Nisamehe, wifi yangu. Nakuomba hapa hapa, yaishe."

"Hapa hapa hayaishi. Uliwaambia nani kwamba mkoba uko njiani?"

"Kamati. Kaka yako. Mchungaji."

"Basi, mbele yao."

"Nimwambie kaka yako peke yake, jioni, tukiwa watatu."

"Wifi."

"Au kaka yako na mchungaji. Wawili hao wanatosha."

"Naelijwa," Eliwaza akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina tangu alipoingia katika ukoo ule, "unapatana bei na mimi?"

Naelijwa aliondoka bila kujua kama Jumamosi wifi yake atakuja.

Alikuja. Alikaa mbele, kiti cha shangazi, amevaa vizuri, mikono imetulia juu ya magoti. Ukumbi ulijaa. Nje ya mlango Nikundiwe alisimama katika gauni lake, akisikia muziki na kungoja mkono wa kumshika. Mshereheshaji akatangaza, "Sasa tunamwomba shangazi akatuletee binti yetu!" Vigelegele vikapigwa. Eliwaza hakuinuka. Mshereheshaji akarudia, kwa utani kidogo: "Shangazi, au unataka kubebwa?" Watu wakacheka. Hakuinuka. Kicheko kikafifia meza moja baada ya nyingine, na wakwe wakaanza kutazamana.

Naelijwa akasimama. Alijua kinachotakiwa, akakata shauri. Akaenda mbele, akachukua kipaza sauti.

"Jamani," akasema, "leo ni siku ya furaha. Mimi ni binadamu. Kama kuna mtu yeyote niliyemkosea humu, naomba anisamehe, na mimi nimewasamehe wote."

Watu wakapiga makofi. Maneno mazuri, sivyo? Tunayasema misibani, tunayasema mwisho wa mwaka, tunayatuma kwa simu kwa watu mia kwa mara moja. Makofi yakaisha. Eliwaza hakuinuka. Hakukunja uso wala hakutikisa kichwa. Alimtazama tu wifi yake kwa macho yale ya mkunga anayejua kwamba mtoto bado hajatoka.

Ndipo Naelijwa akaona alichokuwa amefanya. Hata sasa, binti yake akiwa mlangoni, alikuwa amefika mbele ya watu akaomba apunguziwe. Akashusha kipaza sauti, akavuta pumzi, akakiinua tena. Akasema, na sauti yake haikutetemeka:

"Wifi yangu, Eliwaza binti Mzee Kilango. Niliazima mkoba wako, nikautia pilau, nikauharibu. Nilikuwa na fedha za kukulipa wiki ile ile. Sikukulipa. Niliuficha mkoba dukani, nikangoja punguzo. Nikamwambia mume wangu uongo, na kamati, na mchungaji yule pale. Hukunikosea neno lolote. Nimekukosea mimi. Nakuomba unisamehe."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja wa upande wa wakwe akafunika mdomo. Baba Nikundiwe akatazama sakafu. Ilimgharimu Naelijwa uso wake mbele ya ukoo mpya wa binti yake, na uso ule hakuna atakayemrudishia hata robo. Alilipa wote, akabaki amesimama.

Eliwaza akainuka. Alipompita alimgusa bega, akatembea hadi mlangoni, akatoka nje. Muda si muda wakaingia wawili, shangazi na bibi harusi, mkono kwa mkono, na ukumbi mzima ukasimama.

Mfano umeishia hapo. Sasa tubaki sisi.

Kununua mkoba kwa bei ya punguzo si dhambi. Anayeweza kungoja na angoje, na mwenye duka abarikiwe. Lakini yapo mambo ambayo hayawekwi kwenye rafu ya kungojea Pasaka ipite. Toba ni mojawapo. Deni la upendo ni jingine. Nasi tunafanyaje? Tunajua tulichokosa. Tunajua tulimkosea nani. Uwezo wa kutengeneza tunao, tunatembea nao kila siku, tunapita mbele ya mlango wa mtu huyo, tunarudi nao nyumbani. Tunangoja ahame. Tunangoja augue, ili tukamwone hospitalini na yaishe bila kutajwa. Wengine wetu, tuseme kweli, tunangoja afe, kwa sababu kaburini msamaha ni rahisi sana: unalia, unarusha udongo, hakuna anayekuuliza swali.

Na tukibanwa kabisa, tunasema, "Kama nimekukosea." Ndugu yangu, hujui kama umemkosea? Unajua. Unajua siku, unajua maneno, unajua alikuwa amevaa nini. Bwana Mungu alipotusamehe sisi hakuomba kupunguziwa. Sisi tunatoa wapi ujasiri wa kumtolea mwenzetu nusu?

Baba uliyeketi pale nyuma karibu na dirisha, mama uliyekuja leo na wageni, kijana wa kwaya, na mimi niliyesimama hapa: kila mmoja wetu analo jina moja moyoni ambalo tangu mfano huu uanze limekuwa likimgonga. Lichukue hilo jina. Usilifupishe. Lichukue lote, kama alivyobatizwa, na kosa lote, kama ulivyolifanya. Ibada ikiisha, usiende kwanza nyumbani kunywa chai. Usipige simu kuuliza kama yupo. Nenda ukabishe hodi.